Jibu: Kilatini cha seminari kinatosha chuo kikuu?

Mkuu, umeuliza kama Kilatini cha seminari kinatosha kwenda Italia kusomea fasihi ya Kilatini ya Zama za Kati na ya wanahumanisti, yaani wasomi waliofufua maandiko ya kale ya Kirumi na Kigiriki. Sarufi unayo, usihofu. Kitakachokutoa jasho ni miswada ya kale iliyoandikwa kwa mkono: "ae" imeandikwa "e" tupu, "mihi" imegeuka "michi", na kistari juu ya herufi kimemeza m au n. Anza mapema paleografia, yaani elimu ya kusoma maandishi ya kale.

Utamu wenyewe uko kwa wanahumanisti. Mwaka 1345 Petrarca, mshairi wa Italia, alikuta mjini Verona barua za Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Roma ya kale, kwa rafiki yake Atticus, kisha akamwandikia Cicero, mtu aliyekufa zaidi ya miaka 1,300 nyuma, akimlaumu kwa kujitosa tena kwenye siasa uzeeni! Isome hiyo kwanza, ni fupi. Na Kiitaliano usikidharau, utakihitaji darasani.