Kwa mnaoanza kazi vitengo vya sheria vya halmashauri

Wadogo zangu mliopangiwa Rungwe, Kyela, Mbarali, Makete na kwingineko huku Nyanda za Juu Kusini, karibuni. Kuna aina ya sheria ambayo wengi huipitia juu juu: ile ya marekebisho ya sheria mbalimbali. Inagusa sheria nyingi kwa mkupuo, hapa neno, pale kifungu kidogo, na haionekani kuwa na uzito. Isomeni kabla ya nyingine zote.

Chukueni Sheria Na. 1 ya mwaka 2020. Iligusa kifungu cha 6 cha Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5. Tangu hapo anayeishtaki halmashauri, wakala au shirika la umma anatakiwa atoe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe kwenye shauri. Asipounganishwa, mwenendo mzima unabatilika. Na shauri lenyewe ni la Mahakama Kuu. Halmashauri ya kijiji nayo ni mamlaka ya serikali za mitaa, kwa hiyo mkulima wa Mbarali anayedai kijiji kimemgawia mtu mwingine shamba lake hawezi tena kumaliza jambo hilo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lazima aende Mahakama Kuu, Mbeya mjini.

Kwa hiyo notisi ikifika, hizo siku 90 ndizo kazi yenu. Mara nyingi inapokelewa masjala, inagongwa muhuri, halafu inawekwa kwenye jalada la ardhi kwa sababu imetaja kiwanja, na mwanasheria anaiona siku zimeshakwisha. Elewaneni mapema na watu wa masjala: barua yoyote yenye neno notisi ije kwenu siku hiyo hiyo. Andikeni dokezo kwa Mkurugenzi, pelekeni taarifa na vielelezo Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, kisha nendeni kijijini na afisa ardhi. Ombeni kitabu cha mihtasari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114, hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kama muhtasari wa mkutano huo haupo, au una majina bila saini, mshaurini Mkurugenzi kwa maandishi kwamba tuzungumze na huyu mwananchi sasa.

Wapo watakaowaambia subirini, tutamwondoa kwa pingamizi la awali, yaani hoja kwamba notisi yake ina kasoro, kabla shauri halijasikilizwa. Mimi naona huo ni ushindi wa hovyo. Mzee ametumia nauli na pesa za wakili, shauri linaondolewa, baada ya muda anarudi na notisi iliyokamilika, na mihtasari yenu bado haina saini.

Msichanganye ofisi pia. Tangu mgawanyo wa Februari 2018, Mwanasheria Mkuu anashauri na kuandika sheria, Wakili Mkuu anasimamia mashauri ya madai na usuluhishi, na jinai iko Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Barua ikipotea njia, siku haziwasubiri.

Namna ya kusoma marekebisho: fungua sheria kuu pembeni. Ukikuta “kwa kufuta maneno” fulani “na badala yake kuweka” mengine, yakate kwa penseli kwenye nakala yako, andika mapya juu yake, kisha soma kifungu chote upya. Hapo ndipo utaona kilichobadilika. Ukisoma marekebisho peke yake huambulii kitu.

Na kuanzia 1 Julai 2025 tunatumia Toleo la Urekebu la mwaka 2023, yaani sheria zilizochapwa upya pamoja na marekebisho yake, ambamo vifungu kadhaa vimebadilika namba. Maelezo ya utetezi ya zamani mtakayoyakuta kwenye kompyuta za ofisi yamenukuu namba za toleo lililotangulia. Kabla ya kunakili aya yoyote kutoka humo, fungua toleo jipya uhakiki kifungu kimoja baada ya kingine.