Kuchora Ramani ya Enceladus Tukiwa Pemba: Anzeni na Nuru, Ukali wa Picha Utafuata

Mtu anayetaka kuchora ramani ya mwezi wa barafu kutokana na picha za chombo cha anga aghalabu huanza kwa kuzitafuta picha zilizo kali kuliko zote, akazipanga kwa ukali wake na kuziunga moja baada ya nyingine. Nimeifanya kazi hii kwa miaka kadhaa hapa Chake Chake, na ushauri wangu ni kwamba ukali wa picha uwe jambo la tatu. La kwanza ni nuru, yaani jua lilikuwa upande gani na kwa kimo gani picha ilipopigwa. La pili ni nukta za kuunganishia picha na picha. Mwenye kuyashika mawili hayo ataipata ramani ya kuaminika hata kama picha zake ni za wastani.

Mwezi ninaoushughulikia zaidi ni Enceladus, mmoja wa miezi ya sayari ya Zohali. William Herschel aliugundua mwaka 1789, lakini kwa karibu karne mbili ukabaki kuwa nukta ya mwanga ndani ya darubini, hadi vyombo vya anga vya Voyager 1 na Voyager 2 vilipopita huko mwaka 1980 na 1981. Picha zinazotumika leo karibu zote ni za Cassini, chombo kilichoanza kuizunguka Zohali mwaka 2004 na kumaliza kazi tarehe 15 Septemba 2017 kwa kutumbukizwa ndani ya sayari hiyo. Nawashauri wanaoanza wauchague mwezi huu kwa sababu ya udogo wake. Kipenyo chake ni takriban kilomita 504, na uso wake wote una eneo la kama kilomita za mraba 800,000, ambalo ni dogo kuliko eneo la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Digrii moja ya longitudo kwenye ikweta yake ni kilomita 4.4 tu, ilhali duniani ni kilomita 111. Mtu mmoja mwenye kompyuta ya kawaida na subira anaweza kuuzunguka wote.

Kazi yangu ya kila siku ni upimaji wa ardhi, na wengi wanaoniuliza kuhusu ramani za miezi ni vijana waliojifunza kutumia droni. Zanzibar ina bahati katika jambo hili, kwani mradi wa kuvipiga picha visiwa vyetu kwa droni, ulioanza mwaka 2016 kwa ushirikiano wa Kamisheni ya Ardhi, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia, uliwazoesha vijana wengi kuunga maelfu ya picha hadi zikawa ramani moja. Hata hivyo, ujuzi huo una mazoea ya kuachwa nyuma mtu anapohamia angani. Droni hupita kwa mistari iliyonyooka, hutazama chini moja kwa moja, huruka kwa saa chache za siku moja, na mpimaji huweka alama ardhini ambazo mahali pake panajulikana kwa GPS. Cassini ilipita karibu na Enceladus kwa kasi kubwa, kila mara kwa njia nyingine, mara kutoka juu, mara kutoka ubavuni, na picha mbili zinazopakana kwenye ramani huenda zikawa zimepigwa kwa tofauti ya miaka kumi. Hakuna aliyewahi kuweka alama pale. Kwa hiyo programu za droni, ambazo hudhani kwamba nuru ni moja katika picha zote, haziwafai kwa kazi hii.

Barafu ya Enceladus ni nyeupe mno, kwa sababu chembe zinazorushwa kutoka nyufa za ncha ya kusini huuangukia mwezi wenyewe na kuufunika upya. Uso wa namna hiyo hauna madoa mengi ya rangi ya kumwongoza mchoraji. Jua likiwa utosini, mabonde, matuta na kreta (mashimo ya duara yaliyochimbwa na vimondo) hufifia karibu vyote, na picha ya mita 100 kwa pikseli, yaani ambayo kila kitone chake ni mita 100 za ardhi, huonekana kama karatasi tupu. Eneo hilohilo likipigwa picha ya mita 300 kwa pikseli wakati jua liko chini, kila ufa hutupa kivuli chake na umbo la ardhi husomeka. Kwa ajili ya maumbo, mimi huchagua picha ambazo jua liko baina ya digrii 15 na 40 juu ya upeo wa macho. Chini ya hapo vivuli hurefuka hadi vikaficha sakafu za mabonde, na juu ya hapo maumbo huanza kupotea. Picha za jua la juu nazo zisitupwe, kwani ndizo zinazofaa kupimia weupe na rangi, lakini ziwekwe katika tabaka lake peke yake.

Lipo jambo la majira ambalo humchanganya kila anayeanza. Mwaka mmoja wa Zohali ni karibu miaka 29 yetu. Cassini ilipofika, jua lilikuwa likiangaza upande wa kusini wa Enceladus, na ncha ya kaskazini ilikuwa gizani. Mambo yakageuka Agosti 2009: jua likavuka kwenda kaskazini na ncha ya kusini ikaingia katika giza lililodumu hadi mwisho wa safari. Ndiyo maana picha nzuri za ile milia minne mashuhuri ya kusini, yaani zile nyufa zinazorusha chembe, inayofananishwa na milia ya simbamarara, ni za 2005 hadi 2009, na picha nzuri za ncha ya kaskazini ni za baadaye, hasa za Oktoba 2015. Anayetafuta picha katika hifadhi ya data aanze kuchuja kwa mwaka kabla ya kitu kingine chochote, na ataokoa muda mwingi pamoja na bando lake. Upande ulioelekea Zohali una neema moja zaidi, kwani baadhi ya picha za usiku wake zinasomeka kwa nuru inayorudishwa na sayari yenyewe. Nuru hiyo ni laini, haina vivuli vikali, na husaidia kujaza mapengo, ila isitumiwe kupimia kina.

Mwanafunzi mmoja alinionesha kipande cha picha akasema, "Mwalimu, mbona hapa pana vilima vya duara vitupu?" Nikamwambia, "Hebu igeuze, mwanangu, juu iwe chini." Alipoigeuza akaona kwamba vilikuwa mashimo, na alifurahi sana. Macho ya binadamu hudhani kwamba nuru hutoka juu. Picha ambayo jua lake liko upande wa chini hulifanya shimo kuwa kilima na tuta kuwa bonde, na asiyejua hilo anaweza kuchora jiolojia iliyopinduka kabisa. Tabia ninayoisisitiza ni kuandika mshale wa uelekeo wa jua juu ya kila picha kabla ya kuitazama, na kuizungusha hadi nuru itoke juu kushoto wakati wa kufasiri, ndipo irudishwe katika kaskazini yake wakati wa kuunga.

Kivuli pia ni kipimo. Ukijua kimo cha jua, kina cha bonde hupatikana kwa kuzidisha urefu wa kivuli na tanjenti ya pembe ya jua. Kivuli cha pikseli 10 katika picha ya mita 100 kwa pikseli kina urefu wa mita 1,000. Jua likiwa digrii 20 juu ya upeo, kina chake ni kama mita 364. Kivuli kipimwe kwa kufuata uelekeo wa jua, na picha iliyopigwa kwa kuinamia ubavuni inyooshwe kwanza, la sivyo urefu wake utakuwa wa uongo. Milia ya kusini ina kina cha takriban mita 500 na upana wa kilomita 2, na urefu wake wa kama kilomita 130 unazidi kisiwa kizima cha Unguja kutoka Nungwi hadi Makunduchi. Kipimo chenu kikitofautiana mno na hivyo, rudini kwenye pembe ya jua.

Sasa nije kwenye nukta. Kila picha ya Cassini huja na maelezo ya mahali chombo kilipokuwa na kamera ilikoelekea. Maelezo hayo ni mazuri lakini hayatoshi, kwa kuwa kosa dogo sana la uelekeo wa kamera husogeza kreta kwa pikseli kadhaa. Dawa yake ni kuchagua alama zinazoonekana katika picha mbili, tatu au zaidi, na kuiachia programu izirekebishe picha zote kwa pamoja. Neno "kwa pamoja" ndilo zito. Anayeunga picha ya pili kwa ya kwanza, ya tatu kwa ya pili, na kuendelea hivyo, hufanya kama mshonaji mkeka aliyeanza na ukili uliopinda: kila ukili unaofuata hurithi upogo, na mkeka ukifika mwisho pembe zake hazikutani. Mwezi ni tufe, nanyi mtarudi mlikoanzia. Longitudo zisipofunga, kazi yote imeharibika. Chagueni kreta ndogo zenye ukingo wa duara, na mweke nukta katikati ya kreta, si kwenye ukingo wenye kivuli, kwa sababu ukingo unaoonekana mkali hubadilika jua linapohama. Nukta chache zilizotawanyika picha nzima zinafaa kuliko nukta nyingi zilizorundikana pembe moja.

Nawaomba msiione kazi hii ya nukta kuwa ya kuchosha na isiyo na thamani. Mwaka 2015 Peter Thomas wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walitangaza matokeo ya kufuatilia mahali pa alama za Enceladus, nyingi zikiwa kreta, katika mamia ya picha za zaidi ya miaka saba. Waligundua kwamba mwezi huo, unapoizunguka Zohali, huyumba kwa digrii 0.12, ambayo kwenye ikweta ni kama nusu kilomita tu. Kiasi hicho ni kidogo, lakini ni kikubwa mno kwa mwezi ambao ganda lake la barafu limeshikana na mwamba wa ndani. Ganda, basi, linaelea, na chini yake pana bahari inayouzunguka mwezi wote. Bahari hiyo ilithibitishwa kwa nukta za ramani, na kila nikifikiria jambo hilo moyo wangu hujaa.

Kuhusu programu sitasema mengi. ISIS, inayotolewa bure na Idara ya Jiolojia ya Marekani, husoma picha za Cassini, huzisahihisha na kuzipa makao yake kwenye tufe. Nayo QGIS inatosha kwa kuchora juu yake. Msishushe mafaili yote ya mwelekeo wa chombo, kwani ni makubwa mno kwa intaneti yetu. ISIS huweza kuomba maelezo ya picha moja moja kwa njia ya mtandao. Hifadhini matokeo ya kila hatua, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya hesabu ndefu hamtakuwa na pa kuanzia tena.

Kwa maeneo ya ikweta tumieni projeksheni (namna ya kulaza tufe juu ya karatasi bapa) ya silinda, lakini kuanzia latitudo ya 60 hivi mhamie ile ya ncha, kwa sababu hapo silinda imekwisha kuvuta kila kitu mara mbili kwa mashariki na magharibi. Angalieni pia uelekeo wa longitudo: ramani nyingi za miezi ya Zohali huhesabu kuelekea magharibi, na QGIS huhesabu kuelekea mashariki. Kreta iitwayo Salih ndiyo nanga, kwani imewekwa kuwa longitudo ya 5 magharibi. Jina hilo, kama majina yote ya Enceladus, limetoka katika Alfu Lela Ulela, hivyo msomaji wa Zanzibar atawakuta huko Sindbad, Ali Baba na Aladdin, na ile milia minne itakuwa Alexandria, Cairo, Baghdad na Damascus. Wanafunzi wangu huyashika majina haya upesi, na hiyo ni faida ambayo sikuitarajia.

Mkishaunga, msifiche mishono kwa kuipaka mpaka ipotee. Tengenezeni ramani ya pili yenye mipaka ileile, ambayo kila kipande kinaonesha kimetoka picha gani, ya tarehe gani, ya mita ngapi kwa pikseli, na jua likiwa kwa kimo gani. Bila hiyo, mtu ataona uwanda laini na kudhani ni laini kweli, kumbe jua lilikuwa juu. Rangi ziwe za mwisho.

Atakayemaliza kipande cha Enceladus kuzunguka Salih na kutaka kuendelea, aende Europa, mwezi wa Mshtarii. Antena kubwa ya chombo cha Galileo ilishindwa kufunguka mwaka 1991, hivyo picha zilizorudi ni chache, na ramani ya Europa ina sehemu za makumi ya mita kwa pikseli zikipakana na sehemu za kilomita kadhaa. Europa Clipper, iliyorushwa tarehe 14 Oktoba 2024, inatarajiwa kufika mwaka 2030, na Juice, iliyorushwa Aprili 2023, mwaka 2031. Kwa sasa chukueni picha za Galileo za eneo la Conamara Chaos, ambako barafu imevunjika vipande vipande na kusogea. Chorani kila kipande, pimeni kimezunguka kwa pembe gani, kisha jaribuni kukirudisha kilipotoka kwa kuilinganisha mistari iliyokuwa juu yake kabla ya kuvunjika.