Akili Ikikataa Kulala

Ushauri ambao mtu asiyepata usingizi huupata upesi kuliko mwingine wowote ni huu: "Acha kuwaza, lala." Nimeambiwa hivyo mara nyingi na watu wanaonipenda, na najua walinitakia mema. Lakini sisi ambao taa ikizimwa ndipo kichwa kinaanza shughuli, kuacha kuwaza ndilo jambo tusiloliweza. Kadiri tunavyojilazimisha ndivyo macho yanavyozidi kukodoka gizani.

Na hilo si udhaifu wa mtu mmoja mmoja. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake walichapisha jaribio ambalo watu waliambiwa wasimwaze dubu mweupe, na kila akiwajia kichwani wagonge kengele. Kengele hazikukoma. Baadaye waliporuhusiwa kumwaza, walimwaza zaidi hata ya wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Sasa badala ya dubu weka deni, ugomvi ambao haujaisha, au majibu ya vipimo unayoyasubiri. Wazo ni kama mgeni anayebisha hodi: usipomwitikia, anazidi kubisha.

Ndiyo maana siku hizi sipigani na mawazo yangu kitandani. Nayaitikia mapema, saa mbili au tatu kabla ya kulala, nikiwa nimekaa mezani na si nikiwa nimejilaza. Mchana kutwa kuna kazi, watu, simu na kelele, na hakuna nafasi ya kukaa na yanayotusumbua. Kama kitanda ndicho mahali pa kwanza penye utulivu katika siku nzima, ni lazima kila kitu kitusubiri pale. Kwa hiyo natafuta utulivu mwingine kabla ya ule wa kitandani. Nachukua daftari na kalamu, naandika yote yanayonizunguka kichwani, bila mpangilio.

Kisha napitia nilichoandika, na hapa ndipo penye kazi. Kila jambo naliwekea hatua yake ya kwanza, tena kwa maneno mahususi. "Mambo ya kazini" hayasaidii kitu, kwa sababu ni hofu ileile imehamia kwenye karatasi. "Kesho asubuhi nimwandikie mkuu wangu kwamba ripoti itachelewa siku mbili" ni jambo ambalo akili inakubali kuliachia. Mwaka 2018 Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor walichapisha utafiti uliofanyika katika maabara ya usingizi, kwa vijana 57. Wengine waliandika kwa dakika tano mambo wanayopaswa kuyafanya siku zinazofuata, wengine wakaandika waliyokwisha kuyamaliza. Walioandika ya mbele walilala mapema kwa takribani dakika tisa, na walioorodhesha kwa undani zaidi ndio walionufaika zaidi. Dakika tisa zinaweza kuonekana chache. Kwa anayejua urefu wa dakika moja ya kugaagaa kitandani, si chache.

Yako mambo ambayo hayana hatua ya kuchukua: msiba, ugonjwa wa mtu unayempenda, uamuzi ulio mikononi mwa wengine. Hayo nayaandika pia, na pembeni yake naandika kwamba usiku huu hakuna la kufanya. Sidai kwamba huzuni inaisha kwa kuandikwa. Lakini jambo likishaandikwa, naona halinidai nilikumbuke kila baada ya dakika chache.

Baada ya hapo, kitandani. Akili haikai bure. Usipoipa kazi itajitafutia, na kazi inayoipenda ni kuunganisha: jambo hili linaleta lile, lile linakumbusha la mwaka juzi, na mara unajikuta unapanga maneno ya kumjibu mtu ambaye hata hajakuuliza. Mnyororo huo ndio unaotuweka macho. Mtafiti wa Kanada, Luc Beaudoin, alibuni njia ya kuukata, nami nimeitumia kwa muda mrefu. Unachagua neno moja la kawaida lisilo na uzito wowote kwako. Tuseme "kibatari". Unaanza na herufi K: unawaza kofia, unaiona kichwani mwako kwa sekunde chache, rangi yake, ukingo wake. Unaiacha. Kobe. Unamwona, unamwacha. Kisima, kengele, kuku. Vikiisha unahamia herufi I, kisha B: baiskeli, bundi, birika. Siri iko katika kuviona vitu hivyo kwa picha, na katika kuruka kutoka kimoja hadi kingine bila kuvitungia hadithi. Kofia haina uhusiano na kobe, na kobe hana uhusiano na kisima. Ukikumbuka jinsi mtu anavyopitiwa na usingizi, mawazo yake hugeuka vipandevipande vya picha zisizoshikana. Hapa unaitangulia tu hali hiyo. Mawazo ya zamani yakipenya katikati, huna haja ya kujilaumu. Rudi kwenye herufi uliyokuwa nayo. Mara nyingi sifiki mwisho wa neno.

Wapo wanaopendelea kupumua taratibu kwa kuhesabu, au kukaza na kulegeza misuli kuanzia vidole vya miguu hadi usoni, mbinu iliyoenezwa na daktari Edmund Jacobson tangu miaka ya 1920. Ni njia nzuri kwa mtu ambaye wasiwasi wake unakaa mwilini: taya limekazwa, mabega yamepanda. Mimi pumzi yangu nikiichunguza sana naanza kuihofia, kwa hiyo hesabu za kupumua nimeziacha. Jaribu, uone mwili wako unaitikia nini.

Na kama vyote havikufaa usiku huo? Ondoka kitandani. Huu ndio ushauri ambao watu huukataa kuliko yote, na kwa maoni yangu ndio wenye nguvu kuliko yote. Mwanasaikolojia Richard Bootzin aliueleza mwaka 1972: kitanda kikizoea kuwa mahali pa kuhangaika, ubongo hujifunza kuamka unapokigusa, hata kama dakika chache kabla ulikuwa unasinzia kwenye kiti. Dawa yake ni kukirudishia kitanda maana yake. Ukihisi zimepita kama dakika 20 (kadiria tu, usiangalie saa), amka, nenda chumba kingine au kaa pembeni, washa taa hafifu, fanya kitu kisichosisimua. Kunja nguo. Soma kitu ambacho hukijali kitaishaje. Rudi unaposinzia kweli, yaani kope zinaanguka na mstari mmoja unausoma mara mbili. Kuchoka si kusinzia. Mtu anaweza kuchoka hadi mifupa na bado asiwe na lepe la usingizi. Ukirudi na hali ikawa ileile, amka tena. Asubuhi inuka saa ileile ya kila siku, hata kama ulilala kidogo, na mchana usijilaze. Siku za mwanzo utachoka zaidi, hilo nakuambia waziwazi. Kama kazi yako ni kuendesha gari au mitambo, chukua tahadhari kubwa kipindi hicho.

Saa ya ukutani au ya simu igeuze isikutazame. Kuhesabu saa zilizobaki ("nikilala sasa hivi nitapata nne") ni kujipa mtihani usiku wa manane, na hofu ya kutolala humkeshesha mtu kuliko hata lile wazo lililoanza. Kinachonituliza mimi ni kujua jinsi mwili unavyofanya kazi. Tukiwa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya katika ubongo, na ndiyo inayotuletea uzito wa usingizi. Usiku mmoja mbaya huongeza uzito huo kwa usiku unaofuata. Mwili unadai deni lake wenyewe, bila kusimamiwa. Nyakati nyingine mimi hujilaza tu nikajiambia nibaki macho kwa utulivu, bila kutafuta usingizi, na nikishaacha kuutafuta huja.

Kafeini iliyomo katika kahawa na chai ya rangi huzuia kazi ya hiyo adenosini, na nusu yake huweza kubaki mwilini saa tano au sita baada ya kunywa, kwa hiyo kikombe cha mwisho kiwe cha mchana. Pombe humlaza mtu upesi kisha humvurugia nusu ya pili ya usiku. Simu mwanga wake unasumbua, ila ninachokihofia zaidi ni habari inayoingia humo saa nne usiku na kufungua upya yote niliyoyafunga kwenye daftari.

Kuna kiwango ambacho mbinu za nyumbani hazitoshi. Ukikosa usingizi walau mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi, huku mchana ukiharibika, hali hiyo ni ugonjwa unaotibika, na si tabia yako. Mwaka 2016 Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Ndani cha Marekani kilipendekeza kwamba watu wazima wenye tatizo hilo waanze na tiba ya kisaikolojia inayorekebisha fikra na mazoea ya kulala, kabla ya vidonge. Usianze vidonge vya usingizi kwa ushauri wa jirani, na kama tayari unavitumia usiviache ghafla bila daktari. Mwone mtaalamu mapema pia ukiambiwa unakoroma na pumzi inakatika usingizini, au kama mawazo ya usiku yamekuwa ya kukata tamaa na ya kutaka kujidhuru. Hilo la mwisho lisisubiri kupambazuke: mwamshe mtu, umwambie.

Unapokwenda kwa daktari, nenda na kumbukumbu ya wiki mbili: ulipanda kitandani saa ngapi, unadhani usingizi ulikuchukua saa ngapi, uliamka mara ngapi, uliinuka saa ngapi, ulikunywa nini na dawa gani. Iandike asubuhi, kwa kukadiria.