Kigunduzi cha eksirei kwa mawe ya Chunya

Ndugu yangu, umeuliza kama kristali ya sodiamu ayodaidi itatosha kutafuta dhahabu kwenye mawe ya Chunya, au ununue kigunduzi cha silikoni. Jiwe likipigwa mionzi, kila metali hutoa eksirei za nishati yake (hupimwa kwa eV; keV 1 ni eV 1,000), na kigunduzi huzitambua kwa nishati hiyo. Kristali inafaa mionzi ya gama, lakini kwa kazi yako, chuma (keV 6.4) na dhahabu (keV 9.7) vitaungana kuwa kilima kimoja kwenye grafu. Tafuta silikoni ya aina ya PIN, ya mtumba, inayotenganisha vilima vilivyoachana kwa takriban eV 150 hadi 200. SDD, aina bora zaidi ya silikoni, hufika karibu eV 130 na haielemewi haraka na eksirei nyingi, ila bei yake kali mno. Zinki ina mstari (yaani kilima) wa keV 9.57, jirani kabisa na dhahabu, kwa hiyo hakikisha pia unauona ule mwingine wa dhahabu, wa keV 11.4. Dirisha la kigunduzi, la metali ya berili, usiliguse: ni jembamba, na vumbi lake sumu. Chanzo cha mionzi ya kupiga jiwe, nakusihi, usiagize bila kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania.