Lenos na hupolenion: shinikizo na shimo lake

Shalom mpendwa. Umeuliza kwa nini Mathayo 21:33 ina neno la Kigiriki lenos na Marko 12:1 ina hupolenion, wakati mfano ni uleule wa wakulima waovu.

Shinikizo la zabibu lilichongwa kwenye mwamba. Juu palikuwa na sakafu pana ambapo watu walikanyaga zabibu kwa miguu mitupu. Hiyo ndiyo lenos. Maji ya zabibu yakatiririka kwa mfereji mdogo hadi kwenye shimo la chini, hupolenion, yaani "kilicho chini ya lenos". Kwa hiyo Marko anataja shimo, Mathayo anataja shinikizo. Hakuna mgongano.

Sasa jiwekee picha ya mkanyagaji: nguo zimerukiwa na wekundu mpaka kiunoni. Ndipo Isaya 63 inapomuuliza Bwana mbona mavazi yake ni mekundu, naye anajibu kwamba amekanyaga shinikizo peke yake. Ufunuo 14:19-20 inachukua picha hiyohiyo, ila kinachotoka ni damu, inafika hatamu za farasi. Binafsi aya hiyo hunitetemesha kila nikiisoma.

Usisahau pia Gideoni, Waamuzi 6:11: alipura ngano shinikizoni, ili kujificha machoni pa Wamidiani, adui za Israeli.