Wanaofanya kazi saa nyingi wameridhika zaidi: je, tuongeze saa?

SWALI: Nipo idara ya rasilimali watu. Tuligawa dodoso kwa wafanyakazi tukiuliza saa za kazi kwa wiki, na wameridhika kiasi gani na maisha kwa kipimo cha 0 hadi 10. Waliovuka saa 50 wamepata alama za juu kidogo kuliko wenzao wa saa 40. Mkurugenzi anasema basi tukiongeza saa hakuna atakayeumia. Yuko sahihi?

JIBU: Hapana, na nakuomba umwahi kabla ratiba haijabadilishwa. Takwimu zako huenda hazina kasoro. Kilichopotoka ni tafsiri.

Hebu angalia kwanza hao wa saa 50 ni akina nani. Mara nyingi ni wakuu wa vitengo: mishahara minono, wanajipangia muda wao, na wengi waliitafuta kazi hiyo wenyewe. Aliyeshindwa na saa hizo alishaondoka, dodoso halikumkuta. Kwa hiyo linganisha watu wa cheo na kipato kimoja. Bora zaidi, mfuatilie mtu yuleyule mwaka hadi mwaka, uone alama yake inakwendaje saa zake zinapobadilika.

Halafu kuna namna ya kuuliza. Mtu akiulizwa kuhusu maisha yake kwa jumla, hupima hadhi, kipato na alikofika. Ukimuuliza jana alijisikiaje, anakupa jibu jingine kabisa. Mwaka 2004 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 909 wenye ajira huko Texas, walioikumbuka siku iliyopita kipande kwa kipande na kueleza hisia zao. Kazi na safari ya kwenda kazini zilishika mkia.

Lakini ningekuwa na nafasi ya kuongeza swali moja tu, ningeuliza hili: "Kama kipato chako kingepanda au kushuka kulingana na saa, ungependa kufanya kazi saa ngapi kwa wiki?" Toa jibu hilo kwenye saa halisi, upate pengo. Chukua wafanyakazi wawili wa saa 48. Mmoja aliomba mwenyewe saa za ziada, ana deni analotaka kulimaliza. Mwingine huambiwa saa kumi jioni kwamba leo atabaki, na mtoto wake yupo langoni mwa shule anasubiri kuchukuliwa. Kwenye jedwali lako wote ni 48! Pengo huuma upande wa pili pia: anayepewa saa 20 huku anataka 40 hana raha, na asiye na kazi kabisa hupoteza kuridhika kuliko upungufu wa kipato peke yake unavyoweza kueleza.

Mwonyeshe mkurugenzi na hili la afya. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) ya mwaka 2021 yanaonyesha kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa takriban asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, akilinganishwa na mwenye saa 35 hadi 40. Mtu anaweza kujaza 8 kwenye dodoso lako huku shinikizo la damu likimpanda.

Rudia dodoso ukiwa na swali la pengo na la jana, na majibu ya wakuu wa vitengo uyachambue peke yake.