Vipimo vimeshuka, niache dawa ya mafuta kwenye damu?

SWALI: Mwangaluka, daktari. Nina miaka 56, nauza dagaa hapa Kirumba, Mwanza, nina presha na sukari. Nilianzishiwa atorvastatin miligramu 20, kidonge kimoja kila usiku, LDL, yale mafuta mabaya ya kwenye damu, ikiwa 4.9. Baada ya miezi mitatu ikawa 2.8. Nikaona dozi imeisha, nikaacha, sasa ni wiki ya sita. Halafu katikati ya hiyo dozi nilitibiwa vidonda vya tumbo, mapaja yote mawili yakauma hadi kupanda ngazi ikawa shida. Yalitulia baadaye, lakini nikajua ni hizi dawa za mafuta. Sasa kuna bwana anauza dawa ya asili ya kusafisha mishipa, chupa tatu kwa elfu tisini, anasema ukizimaliza huhitaji vidonge tena maisha yako yote. Nichukue?

JIBU: Kaka, elfu tisini yako iache mfukoni. Na mimi ni mfamasia, si daktari. Aliyekuandikia dawa ndiye wa kukurudisha kwenye dawa, na umwone wiki hii.

Sasa hilo neno lako, "dozi imeisha". Hapa dirishani nalisikia mpaka nalisikia usingizini. Mseto wa malaria una dozi: mtu mzima vidonge 24, siku tatu, vimelea vimekufa, mmeagana. Lehemu, hayo mafuta ya kwenye damu, si kimelea. Sehemu kubwa inatengenezwa na ini lako mwenyewe, usiku na mchana, hata siku ambayo hukugusa nyama wala chipsi. Statini, kundi la dawa ilimo atorvastatin yako, inakikaba kimeng'enya kimoja, kichocheo cha kazi hiyo, humo ndani ya ini, utengenezaji unapungua, na ini likiona limepungukiwa linaanza kuivuta LDL kutoka kwenye damu. Ndiyo maana namba yako ilishuka. Hakuna mafuta yaliyoyeyushwa wala mshipa uliokwanguliwa kama sufuria ya ugali. Ukiacha kidonge, kimeng'enya kinaachiwa, na ndani ya wiki chache namba inarudi ilikotoka. Ile 2.8 haikuwa yako peke yako, ilikuwa yako na ya kidonge. Ukipima leo ukakuta 4.9, mimi sitashangaa.

Na hutasikia chochote. Hapo ndipo watu wanaponitoa jasho. Presha angalau siku nyingine inamuumiza mtu kichwa. Lehemu haina kichwa kuuma wala kizunguzungu, inakaa kimya hadi siku ya kiharusi au ya moyo. Tena wewe una sukari. Mwenye kisukari aliyevuka miaka 40 kwa kawaida huandikiwa statini hata kama LDL yake haitishi, kwa sababu kinacholindwa ni moyo na ubongo, si ile karatasi ya maabara.

Mapaja. Hapa una hoja, ila huenda umemkamata mshtakiwa mmoja ukamwachia mwenzake. Umesema maumivu yalikuja ukiwa kwenye matibabu ya vidonda vya tumbo. Zile dawa za kumuua bakteria wa tumboni mara nyingi ndani yake mna clarithromycin, na hiyo inalizuia ini lisiivunje atorvastatin. Unameza miligramu 20 zilezile, lakini dawa inajilimbikiza kwenye damu, na misuli ndiyo inayolipa. Tafuta boksi au cheti chako uone kama jina hilo limo. Kama limo, mwambie daktari hivyohivyo: yaliniuma nikiwa nazitumia zote mbili. Anaweza kukupima kimeng'enya cha misuli, CK, pamoja na ini, kisha akakurudisha kwenye dawa ileile, au akapunguza kipimo, au akakupa statini nyingine. Wakati mwingine daktari huisimamisha statini kwa siku chache mpaka matibabu ya tumbo yaishe. Kilichokosekana kwako ni mtu wa kukuuliza unatumia dawa gani nyingine, na lawama hiyo nusu ni yetu sisi tulio dirishani.

Dawa za fangasi kama itraconazole nazo zina tabia hiyo, na baadhi ya dawa za VVU za mstari wa pili, zile zenye ritonavir, hazipatani kabisa na simvastatin, statini nyingine. Anayehudhuria CTC, kliniki ya VVU, asinyamaze akiandikiwa dawa ya mafuta mahali pengine. Mjamzito au anayetafuta mimba azungumze na daktari kwanza. Na yeyote anayetumia statini akiona misuli imelegea na mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi, huyo asisubiri asubuhi, aende hospitali.

Turudi kwa bwana wa chupa. Simjui, lakini bidhaa yake naijua, ipo kila stendi kuanzia Nyegezi hadi Buzuruga: kipaza sauti kwenye kigari, chupa ya maji iliyojazwa kitu cha kahawia, na orodha inayoanza na kusafisha mishipa ikaishia kwenye nguvu za kiume. Wengine sasa wana kompyuta. Unashika kifimbo cha chuma dakika moja, printa inatoa kurasa kadhaa kuhusu figo zako, mishipa yako, hata mifupa, na kila kurasa ina chupa yake. Mama mmoja aliniletea karatasi hizo zimekunjwa ndani ya kanga. Hakuna tone la damu lililotolewa, lakini LDL yake ilikuwa imeandikwa hadi desimali mbili! Lehemu inapimwa kwenye damu, kaka. Kiganja hakina habari nayo.

Watanijibu kwamba vidonge ni kemikali na chupa ni asili. Statini ya kwanza aliipata Mjapani Akira Endo mwaka 1973, kwenye ukungu, yaani kuvu, baada ya kuchunguza maelfu ya aina zake. Asili ipi inaizidi hiyo? Tofauti ni kwamba iliyokufikia wewe imepimwa, ina miligramu zake, tarehe ya kuisha muda, na mahali pa kulalamikia. Ya kwenye chupa hata anayeichemsha hajui leo ametia kiasi gani. Ini lako, ambalo ndilo kiwanda chenyewe, ndilo litakaloipokea pamoja na dawa za presha na za sukari. Wagonjwa wanaficha chupa hizi, daktari anaona vipimo vya ini vimepanda, analaumu statini, anaifuta. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja.

Kama kilichokuachisha ni bei, sema wazi. Ipo atorvastatin isiyo na jina kubwa kwenye boksi, inafanya kazi ileile kwa pesa kidogo. Ukirudishwa kwenye dawa, usimeze viwili kufidia wiki sita. Atorvastatin si lazima iwe usiku. Kama usiku unasahau kwa uchovu wa soko, meza asubuhi na ya presha, kila siku saa ileile. Pima tena baada ya miezi miwili au mitatu.

Siku ya kwenda kliniki weka kila unachomeza kwenye mfuko mmoja, na mabaki ya zile za vidonda vya tumbo. Kama chupa moja ulishainunua, nayo iingie humo humo.